Ya ndani haina neti: mtafute mlinzi wa geti la nje

"Dada, ya ndani haina neti."

Ujumbe huu hunifikia karibu kila wiki, mara nyingi baada ya saa nne usiku, maana ndio muda vijana wanaojifunza kwangu wanapopata utulivu wa kukaa na kompyuta. Siwaulizi wamebonyeza nini. Nauliza swali moja tu: pakiti, yaani kipande cha data, inafia njiani ikienda, au ikirudi? Asiye na jibu namwambia afungue tcpdump kwanza, programu ya kutazama pakiti zinazopita, ndipo aniandikie tena. Wengine hununa. Kesho yake wanakuja na jibu.

Nafundishia Mwanza, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la vifaa vya ofisi. Seva tatu za kufundishia klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja, sina uwezo wa kuzinunua. Nina Dell OptiPlex moja ya mtumba yenye RAM ya GB 32, ina Debian 12 na KVM, programu ya Linux ya kuendesha mashine pepe. Ndani yake nimewasha mashine pepe (VM), kompyuta ya kuigiza inayoishi ndani ya kompyuta halisi, na ndani ya mashine pepe hiyo nimewasha nyingine, ambazo ndizo wanafunzi wanazichezea. Tukizungumza darasani tuna majina matatu. Ile Dell yenyewe ni chuma. Mashine pepe ya kwanza ni ya kati. Iliyo tumboni mwake ni ya ndani. Nitayatumia majina hayo hadi mwisho, na nakushauri nawe ujizoeze, kwa sababu mtu akikwambia "VM haipati neti" kwenye mpangilio wa namna hii, bado hajakwambia kitu.

Sasa fikiria umepanga nyumba nzima, halafu na wewe ukampangisha mtu chumba bila kumwambia mwenye nyumba. Getini kuna mlinzi mwenye orodha ya majina, na jina lako limo. Mpangaji wako akiagiza vitu kwa jina lako, mlinzi hana neno, vinaingia. Hiyo ndiyo NAT. Akitaka kuagiza kwa jina lake mwenyewe, hiyo ndiyo kuunganisha kwa daraja (bridge), mlinzi anatazama orodha na kuuliza huyu ni nani. Jina lenyewe ni anwani ya MAC, namba inayoitambulisha kadi ya mtandao. Chuma kinaijua MAC ya mashine ya kati kwa sababu ndicho kilichoipa. MAC ya mashine ya ndani ilitungwa na ya kati, na chuma hakina habari nayo. Ndiyo maana ya ndani inapolia, mimi huwa sikai nayo. Natoka nje tabaka moja, nikikosa natoka tena.

Kabla ya kutoka, hakikisha ni nini hasa kimekufa. Ukiwa kwenye ya ndani, andika `ip -br a` na `ip route`. Fanya vilevile kwenye ya kati na kwenye chuma, kisha nakili matokeo yote matatu kwenye karatasi moja, kwa kalamu. Najua inaonekana ushamba. Lakini madirisha matatu meusi yanayofanana yameshanifanya nizime kadi ya mtandao ya chuma nikidhani niko ndani, na siku hiyo nilikuwa nimeingia kwa SSH nikiwa nyumbani, ikabidi nipande bodaboda usiku kwenda kuiwasha kwa mkono. Tangu hapo kila tabaka nimelipa rangi yake ya terminali. Chuma ni nyekundu.

Ukishapata karatasi yako, piga ping kuanzia karibu kwenda mbali: lango (gateway) la ya ndani, anwani ya ya kati, anwani ya chuma, ruta, halafu 1.1.1.1 iliyoko intaneti, na mwisho jina lolote la tovuti. Simama pale inapokataa mara ya kwanza. Kama 1.1.1.1 inajibu na jina halijibu, mtandao wako ni mzima na shida ni DNS, inayogeuza majina kuwa anwani, angalia `/etc/resolv.conf` na usisumbuke na mengine yote yaliyo hapa chini.

Karatasi yenyewe mara nyingine inamaliza kazi. Tazama anwani zako. Libvirt, ile inayosimamia KVM, huja na mtandao wake wa NAT unaoitwa default, na mtandao huo ni 192.168.122.0/24, lango likiwa 192.168.122.1. Sasa ukiweka libvirt kwenye chuma, kisha ukaiweka tena kwenye ya kati, unaweza kujikuta una mitandao miwili yenye anwani zilezile. Ya kati imepewa, tuseme, 192.168.122.57 na chuma, na lango lake ni 192.168.122.1. Dakika hiyohiyo daraja lake la ndani, `virbr0`, linawashwa na kujiita 192.168.122.1. Ya kati ikitaka kutoka nje inaliita lango, inajiitikia yenyewe. Hapo inapotea ya ndani na ya kati pamoja, na mwanafunzi anaapa kwamba hakugusa chochote, alisakinisha tu.

Matoleo mengine ya libvirt hugundua mgongano huo na kukataa kuwasha mtandao, yakisema tayari unatumika, na vifurushi vya Fedora na ndugu zake hujitahidi kuchagua namba nyingine wakati wa kusakinisha. Usitegemee hisani hiyo. Kwenye ya kati andika:

`sudo virsh net-edit default`

Badilisha kila palipo na 122 paweke 150, pamoja na mwanzo na mwisho wa anwani za DHCP, ile inayogawa anwani kwa mashine. Kisha:

`sudo virsh net-destroy default`
`sudo virsh net-start default`

Neno "destroy" limewatisha wengi. Halifuti kitu, linazima tu. Ila kuna jambo ambalo huwakuta watu: mashine za ndani zilizokuwa zinawaka wakati ukifanya hivyo zimeng'olewa kwenye daraja na hazirudi zenyewe. Zizime kabisa uziwashe upya, wala usiridhike na kuzirestati kwa ndani.

Wanaotumia VirtualBox, programu nyingine ya mashine pepe, wana pacha wa tatizo hili. NAT yake humpa mgeni, yaani mashine pepe, 10.0.2.15 na lango 10.0.2.2. Ukiweka VirtualBox ndani ya VirtualBox, utaona 10.0.2.15 ndani na 10.0.2.15 kati. Mara nyingi kutoka nje kunawezekana hivyohivyo, lakini siku utakayotaka mashine moja iifikie nyingine utakaa kutwa nzima ukijiuliza unaongea na nani. Badilisha namba za tabaka moja mapema.

Kama anwani hazigongani na bado ya ndani imekwama, na umeiunganisha kwa daraja, basi tunakwenda kwa mlinzi. Acha ping ikipiga kutoka ya ndani kuelekea ruta bila kukoma. Kwenye ya kati, tafuta jina la waya pepe wa mashine ya ndani kwa `virsh domiflist` ikifuatiwa na jina la mashine. Tuseme ni vnet0. Andika:

`sudo tcpdump -eni vnet0 'arp or icmp'`

Ile `-e` ndiyo inayokuonyesha MAC, usiisahau. Ukiona swali la ARP likitoka, yaani "nani mwenye anwani hii?", hamia kwenye kadi ya ya kati yenyewe, mfano enp1s0, amri ileile. Ukiliona hapo, hamia kwenye chuma: kwanza vnet ya mashine ya kati, halafu kadi halisi, ambayo kwenye Dell yangu ina jina refu kama namba ya pasipoti, enp0s31f6. Vituo vinne. Swali linaonekana kituo cha kwanza na cha pili, cha tatu halionekani: limefia hapo, ikienda. Linaonekana vyote vinne na jibu linarudi hadi cha tatu halafu kimya: limefia hapo, ikirudi. Sasa una la kuniandikia saa nne usiku.

Kuna dalili moja naipenda sana kwa sababu inasema ukweli haraka. Sikiliza ndani kabisa, kwenye kadi ya ya ndani. Ukiona maswali ya ARP ya majirani, ruta inamtafuta fulani, printa inamtafuta fulani, lakini majibu ya maswali yako mwenyewe hayaji kamwe, basi matangazo ya wote yanaingia na barua zilizoandikwa jina lako zinazuiliwa getini. Anayezuia ni tabaka la nje, kwa sababu halijaambiwa kwamba nyuma ya ya kati kuna mtu mwingine.

Tahadhari ndogo hapa. Tcpdump kwa kawaida huiamuru kadi isikilize kila kitu kinachopita. Kwa hiyo mara nyingine tatizo linapona ukiiwasha na kurudi ukiizima, nawe unaanza kuamini uchawi. Rudia ukiwa umeongeza `-p`, ambayo inaizuia kufanya hivyo. Ikiwa tofauti ipo, umeshapata ugonjwa: kuna kadi inayokataa MAC ngeni.

Dawa inategemea nani mwenye geti.

Daraja la kawaida la Linux halina ubaguzi. Linajifunza MAC yoyote inayopita, na unaweza kuiona kwa `bridge fdb show br br0`. Kwa hiyo kwenye KVM mlinzi ni kitu ulichokiongeza mwenyewe. Kwanza, macvtap. Ukitengeneza mashine kwa virt-manager ukachagua kuiunganisha moja kwa moja na kadi halisi, umechagua macvtap, nayo humletea mgeni fremu (pakiti za kwenye waya) za MAC yake tu. Ya kati itakuwa salama kabisa, ya ndani itakufa. Tengeneza daraja halisi, br0, kwenye chuma uhamishie ya kati huko. Pili, vichujio vya libvirt: kama faili la mashine ya kati lina `clean-traffic` au `no-mac-spoofing`, kiondoe kwenye maabara yako. Tatu, kama chuma chako ni Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe, na umewasha faiawoli, kuna chaguo la kuchuja MAC katika faiawoli ya kila mashine, na lenyewe huwa limewashwa. Lizime kwa ile ya kati tu. Usizime faiawoli nzima kwa hasira.

Kwenye Hyper-V, ya Microsoft, unaamuru chuma, mashine ya kati ikiwa inaitwa yakati:

`Set-VMNetworkAdapter -VMName yakati -MacAddressSpoofing On`

Bila hiyo, daraja la ndani halitafanya kazi hata ukeshe. Kwenye VMware ESXi nenda kwenye usalama wa kundi la poti ambamo mashine ya kati imechomekwa. `Forged transmits` inahusu kinachotoka kwa MAC ngeni. `Promiscuous mode` inahusu kinachorudi. Unaona sasa kwa nini nauliza ikienda au ikirudi? Jibu lako linakuambia ni kitufe kipi. Kwenye VirtualBox, kadi ya ya kati ina `Promiscuous Mode` iliyowekwa `Deny`. Iweke `Allow All`.

Vikikushinda hivyo vyote na chuma chako ni laptopu iliyo kwenye Wi-Fi, acha kuhangaika. Fremu ya kawaida ya Wi-Fi kutoka kompyuta kwenda kwenye akses pointi ina nafasi ya anwani tatu, na hakuna pa kumwandika mtu wa nyuma. Akses pointi inamjua aliyejiunga kwa nenosiri, basi. Linux yenyewe hukataa kuiingiza kadi ya Wi-Fi kwenye daraja, ikijibu `Operation not supported`. Tumia NAT, au tafuta waya. Vivyo hivyo kwa mashine ya kukodi kwenye wingu: mtandao wao unaijua MAC na anwani waliyokupa, na ya ndani haina haki ya kujitokeza kwa jina lake. NAT kwenye ya kati, hakikisha `sysctl net.ipv4.ip_forward` inatoa 1, umemaliza.

Kuna mlinzi wa mbali zaidi, nje ya chuma. Niliwahi kwenda kwenye ofisi moja kuwaonyesha maabara yangu. Nikachomeka Dell ukutani, chuma kikapata anwani, nikawasha ya kati, na poti ya ukutani ikafa kabisa, taa na kila kitu. Swichi yao ilikuwa na ulinzi wa poti. Kwenye swichi za Cisco ulinzi huo ukiwashwa bila kuongezewa maelezo huruhusu MAC moja, na ikitokea ya pili poti inajifunga hadi mwenye swichi aifungue. Kosa lilikuwa langu, sikuuliza. Mtu wa TEHAMA wa pale alinitazama kama mwizi wa kuku. Siku hizi nikienda ugenini nabeba ruta yangu ndogo na kujifungia nyuma yake.

Sasa Docker, programu ya kuendesha makontena. Wanafunzi wanaipenda, na wengi huisakinisha kwenye ya kati, pembeni ya mashine za ndani. Jana yake kila kitu kilikuwa kizuri. Mara nyingi Docker hubadilisha sera ya FORWARD ya iptables, faiawoli ya Linux, kuwa DROP, na moduli ya br_netfilter ikiwa imepakiwa, hata fremu zinazovuka daraja hupitishwa kwenye iptables na kutupwa. Kwa tcpdump utaona swali linaingia vnet0 na halitokei enp1s0, ingawa zote ziko kwenye daraja moja. Andika `sudo iptables -S FORWARD`. Ukiona `-P FORWARD DROP`, ruhusu daraja lako:

`sudo iptables -I DOCKER-USER -i br0 -o br0 -j ACCEPT`

Wengine huzima `net.bridge.bridge-nf-call-iptables` kabisa. Inafanya kazi, ila unagusa pia ukuta uliopo kati ya makontena, kwa hiyo mimi naanza na kanuni hiyo moja.

Halafu kuna ugonjwa wa kudanganya: ping inapita, majina yanapatikana, lakini SSH inaganda baada ya kuanza kuunganisha na `apt update` inakaa kwenye asilimia 0. Hiyo ni MTU, ukubwa wa juu wa pakiti unaoruhusiwa kupita. Pakiti ndogo zinapita mlangoni, kubwa zinakwama. Ukiwa na VXLAN, mtandao unaopitishwa ndani ya mtandao mwingine, kati ya tabaka zako, kila pakiti inavishwa koti la baiti 50, na waya wa 1500 hauna nafasi ya koti. Pima kutoka ya ndani:

`ping -M do -s 1472 1.1.1.1`

Baiti 1472 ukijumlisha 28 za vichwa vya IP na ICMP ni 1500. Ikikataa, shuka: 1464, 1422, hadi ipite. Iliyopita ongeza 28, ndiyo MTU yako. Ikipita kwenye 1422, basi:

`sudo ip link set dev ens3 mtu 1450`

Kumbuka kila tabaka unaloongeza lina koti lake. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa na VXLAN kwenye ya kati na nyingine kwenye chuma, tukaishia 1400, na nikamuuliza kwa nini anahitaji mbili. Hakuwa na sababu. Tukatoa moja.

Kama mashine mbili za ndani zinapokezana, hii ikipata neti ile inapoteza, ulizinakili kutoka kwenye kiolezo kimoja. Utazame MAC zao, uone ni tofauti, ushangae. Ubuntu na wengine wanaotumia systemd-networkd hujitambulisha kwa DHCP kwa kitambulisho kinachotokana na `/etc/machine-id`, siyo kwa MAC. Nakala mbili zina kitambulisho kimoja, DHCP inawapa anwani moja. Ndani ya kila nakala andika `sudo truncate -s 0 /etc/machine-id`, washa upya, kitatungwa kipya. Kwa ESXi zilizonakiliwa mwenzake wa tatizo hili ni kadi yake ya usimamizi, vmk0, inayobaki na MAC ya mama yake.

Mwanafunzi wa wiki iliyopita, aliyeniandikia saa nne na robo usiku, alirudi na jibu zuri: "Dada, inakufa ikienda, baada ya kituo cha tatu." Chuma chake ni Proxmox, ulikuwa mchujo wa MAC. Nikamwambia azime hicho kimoja, awashe faiawoli aliyokuwa ameizima yote, afute kanuni za majaribio alizokuwa amerundika kwenye iptables, kisha aizime na kuiwasha kompyuta nzima. Maana `ip link set`, kanuni za iptables na `sysctl -w` hupotea ukizima kompyuta. MTU yako lazima iandikwe kwenye netplan au `/etc/network/interfaces`, na ip_forward kwenye faili ndani ya `/etc/sysctl.d/`. Hakuzima. Alifurahi akaenda kulala. Saa nane usiku umeme ulikatika mtaani kwao, na asubuhi nilipoamka nikakuta ujumbe umeshaingia.